Niachie!

Timu ya Kolekole ya Gazi ilimaliza ligi ya kaunti ikiwa ya kumi na moja kati ya timu kumi na mbili. Jumamosi iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, kamati ilikutana katika darasa la sita la shule ya msingi kuamua ni wakongwe gani watakaobaki msimu ujao.

Kamati yenyewe ilikuwa watu watatu. Bi Husna, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Harrison, mtu wa bara aliyekuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja huko Diani, alikuwa katibu. Wa tatu alikuwa Issa, kocha wa timu kwa mwaka wa tisa, ambaye siku nyingine zote alikuwa fundi wa friji.

"Wakongwe ni wanne," alisema Bi Husna, "na tumekwisha kukubaliana watabaki wawili. Vijana wanataka nafasi. Tukiwanyima watahamia Msambweni. Haya, Kocha."

Alamin alikuwa ameshaaga mwenyewe. Goti lake lilikuwa likivimba hata akipanda ngazi za msikiti. Rai, kiungo, alikubaliwa bila ubishi. Alikuwa na miaka thelathini na mitano na bado alikimbia kama aliyefukuzwa na nyuki. Wakabaki wawili wa kuchaguliwa mmoja: Katana, mshambuliaji, na Chirau, beki wa kati.

"Katana alitufungia mabao manane," Harrison alisema. "Chirau naye, acha niwaonyeshe. Nilirekodi mechi zote."

Akaegemeza simu yake kwenye chupa ya maji, nao wakainama kutazama. Krosi iliingia kutoka kulia. Chirau alikuwa peke yake, mpira ukimjia kifuani, wa kuondoa tu. Akasimama. Akainua mkono nusu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na mpira ukampita. Mshambuliaji wa upande wa pili akausukuma wavuni kwa ndani ya mguu. Harrison akaonyesha mechi nyingine, kisha ya tatu. Mara zote mambo yalikuwa yale yale: anasimama, mkono unainuka, mpira unapita.

"Hii si miguu, ni kichwa," Harrison alisema. "Jamaa anaganda tu. Na akiganda yeye, sisi tunakufa."

"Ongeza sauti," Issa alisema.

"Sauti ya nini?"

"Iongeze tu, bwana."

Harrison akaongeza hadi mwisho. Upepo ulisikika ukipiga simu, na mwanamke mmoja akicheka karibu, na watu wakipiga kelele goli lilipoingia. Issa alisogeza sikio. Akaomba ile ya pili irudiwe, kisha ya tatu. Hakukuwa na kitu kingine. Akaegemea nyuma kwenye dawati dogo la mtoto, na Bi Husna akaona kwamba jasho linamtoka kwenye nywele.

"Kocha, unaumwa?"

"Hapana, Bi Husna. Nipeni mpaka Ijumaa."

Kilichokuwa kimempata Issa ni hiki. Mara zile zote tatu alikuwa amesimama pembeni ya uwanja, na mara zote tatu alisikia sauti langoni, ndefu, ya mtu mwenye uhakika: "Niachie!" Kipa wa sasa, kijana wa Ukunda, hasemi hivyo. Yeye huita "kipa!" kama wenzake wote wa siku hizi. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiita "niachie," naye aliita hivyo kwa miaka kumi na miwili, na mabeki wa Kolekole walijifunza kwamba wakiisikia sauti ile hawana haja ya kugeuka kutazama. Mtu huyo alikuwa Nzai. Nzai alikuwa amezikwa kwao, upande wa Kinango, mwezi wa kumi wa mwaka uliopita.

Issa hakwenda kuzika. Alisema timu ina mechi.

Kabla ya hapo, mwezi wa nane, kamati ilikuwa imekaa kama ilivyokaa sasa, nayo ikaamua Nzai aachwe. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Mipira ya chini ilikuwa ikimshinda. Issa aliandika barua ya mistari mitatu. Alikusudia kuipeleka mwenyewe Bongwe, alikoishi Nzai na mkewe. Siku ya kwanza akasema ana friji za hoteli za kutengeneza. Siku ya pili mvua ilinyesha. Siku ya tatu akampa Chirau, rafiki mkubwa wa Nzai, akamwambia, "Mpelekee rafiki yako hii," akaondoka haraka kabla hajaulizwa ni ya nini.

Wiki mbili baadaye mazoezi yakaanza, na Nzai akaja. Alikuja mapema kuliko wote, glavu mkononi, akisalimia watu. Kijana wa Ukunda alikuwa tayari amevaa jezi namba moja. Nzai akamtazama, akacheka kidogo, kisha akamwendea Issa.

"Kocha, leo nivae ipi?"

Na Issa, mbele ya wachezaji ishirini na tatu, akamwambia, "Kwani hukupata barua?"

 Nzai aligeuka akamtazama Chirau, na Chirau akatazama chini. Kisha akaondoka, glavu kwapani, akipita katikati ya uwanja badala ya pembeni. Hawakumwona tena pale. Baadaye wakasikia anafanya kazi kwenye timbo la mawe karibu na Bongwe, anakata mawe ya kujengea. Ukuta wa timbo ulimwangukia asubuhi moja ya Jumapili.

Issa alijua, tangu siku ile ya jezi, kwamba Chirau hakumpa Nzai barua. Hakumuuliza. Kumuuliza kungemlazimu kwanza ajiulize kwa nini yeye mwenyewe hakuipeleka.

Jumatatu asubuhi maji yalikuwa yamekupwa. Chirau alikuwa akifanya kazi kwenye kitalu cha mikoko nyuma ya kijiji, na Issa alimkuta matopeni, miguu imezama hadi chini ya magoti, akichomeka miche mmoja mmoja kwenye mstari.

"Asalamu alaikum, Chirau."

"Waalaikumu salam, Kocha. Utachafuka. Nakuja huko."

"Endelea tu." Issa alivua viatu akaingia. Tope lilikuwa baridi. "Nina swali, na nataka unijibu kweli. Zile mara tatu ulizosimama, ulisimama kwa nini?"

Chirau alichomeka mche, akaushindilia kwa vidole, akachukua mwingine. Akachomeka na huo.

"Nilikosea hesabu."

"Mimi nilisikia," Issa alisema.

Chirau akainuka polepole. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega mapana, na Issa hakuwahi kuona uso wake ukiwa vile, kama wa mtoto aliyepotea sokoni anayeona kanga ya mama yake.

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Nilidhani nimeingia wazimu." Alijifuta macho kwa mkono wenye tope na kujipaka usoni. "Nimesomewa, Kocha. Nimekunywa kombe la aya. Mke wangu amenipeleka mpaka Lungalunga kwa mtu mmoja. Hakuna aliyeniambia na yeye amesikia. Mimi najua amekufa, tulimtoa timboni kwa mikono hii. Lakini akiniita vile, mwili unasimama wenyewe. Miaka kumi na miwili umezoea hivyo. Nitafanyaje?"

 Kaa wadogo walikuwa wakitoka mashimoni na kurudi.

"Ile barua," Issa alisema, "hukumpa."

"Sikumpa."

"Kwa nini, Chirau?"

"Nawe kwa nini ulinipa mimi?"

 Chirau akainama tena kwenye miche yake, na alipozungumza alizungumza akitazama tope.

"Barua niliipeleka. Iliishia wapi, usiniulize mimi. Nenda Bongwe ukampe pole mjane wake, Kanze. Mwaka unakwisha, hujakanyaga kwake hata siku moja."

Siku ya pili yake, Jumanne, Issa alipita Kona ya Musa akanunua sukari kilo mbili, unga na majani ya chai, akachukua bodaboda mpaka Bongwe. Nyumba ya Nzai ilikuwa ya mawe ya timbo, haijapigwa lipu. Kanze alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, akipukuchua mahindi. Aliinua macho, akamtambua, na mikono yake ikaendelea na kazi.

"Hodi hapa."

"Karibu, Kocha. Karibu kitako."

Issa akaketi kwenye kigoda na kuweka mfuko chini. Alisema maneno ya pole aliyoyapanga njiani, nayo yakatoka yakiwa yamekauka. Kanze akaitikia, "Tumeshapoa." Punje zikaendelea kuanguka kwenye ungo.

"Nimekuja pia kwa habari ya barua," Issa alisema. "Ile ya timu."

Mikono ya Kanze ikasimama. Akaweka gunzi chini, akajipangusa, akaingia ndani. Alirudi na Biblia, na ndani ya Biblia mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Issa aliujua mwandiko wake kabla haijakunjuliwa.

"Chirau aliniletea mimi," Kanze alisema. "Alijua Nzai yuko shambani, akaja saa hiyo hiyo. Akaniambia, 'Mpe akirudi.' Akakimbia. Nikaifungua. Nikasema nitampa baada ya kula. Baada ya kula akaanza kufua glavu zake. Alikuwa akizifua kwa sabuni ya kuogea, unajua, siyo ya unga, ati ya unga inakausha. Nikasema nitampa kesho. Kesho yake kaenda kukimbia mpaka Mwabungo na kurudi, anajiandaa. Kila nikifungua mdomo namwona na hizo glavu. Wiki mbili, Kocha. Nilikuwa naye ndani ya nyumba wiki mbili."

"Na aliporudi siku ile?"

"Aliniuliza, 'Kanze, wewe ulijua?' Nikamwambia sikujua." Aliikunja karatasi kama ilivyokuwa. "Chirau alikuja jioni kutaka kusema ukweli. Nikamshika miguu. Nikamwambia, ukisema, nitakosa nyumba. Akanyamaza mpaka leo. Nzai akafa akiamini rafiki yake ndiye aliyemficha barua."

Issa aliona uzito wa kitu alichokuwa amekibandika juu ya mtu mwingine mwaka mzima. Chirau alimpa Kanze, naye mwenyewe alimpa Chirau. Kila mmoja alichagua saa ambayo Nzai hayupo. Na wa kwanza wao alikuwa yeye.

"Timboni alikwenda kwa nini?" aliuliza. "Mlikuwa na shamba."

"Uwanja wa Bongwe uko hapo nyuma. Vijana wanacheza, unasikia mpira unavyopigwa, unasikia filimbi. Timboni kuna mashine za kukatia mawe. Alisema huko husikii kitu."

Issa alifunika uso kwa viganja. Hakukusudia kusema lililofuata. Alilisema kwa sababu mbele ya mwanamke yule hakuweza kubaki na siri nyingine tena.

"Mimi na Chirau tunamsikia. Uwanjani. Anaita."

Alitarajia atafukuzwa. Kanze alimtazama, mdomo wazi kidogo.

"Mnamsikia Nzai?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mimi hajaniita hata mara moja," Kanze alisema. "Nimelala kitandani upande wake. Nimekaa timboni pale alipofia, mpaka wafanyakazi wakaniondoa. Nimemwomba aje hata anitukane. Hakuja. Na nyinyi anawaita." Akasogea ukingoni mwa mkeka. "Anasemaje?"

"Anasema 'niachie.' Kama alivyokuwa akiita mpira."

"Mimi sikuwahi kwenda uwanjani. Sijui alikuwa akiitaje. Nionyeshe."

"Kanze, jamani."

"Nionyeshe, Kocha. Nataka kuisikia."

Issa akasimama. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na saba katika ua wa mjane. Alivuta pumzi, akainua kidevu kama Nzai alivyokuwa akikiinua, akaita. Kuku wakatawanyika. Mara ya kwanza sauti ilikatika, Kanze akatikisa kichwa, akasema siyo, mume wangu hakuwa na sauti ya woga. Akaita tena. Safari hii ilitoka yote, ndefu, na ilipokwisha nywele za Issa mwenyewe zilikuwa zimesimama, maana sauti ile haikuwa yake. Kanze alikuwa amejifunika leso usoni. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu, naye Issa akabaki amesimama pale, hajui akae au aondoke.

Ijumaa kamati ilikutana tena. Issa aliwaambia yote yaliyokuwa yake: barua aliyoiogopa, alivyomsukumia mtu mwingine, alivyomuumbua Nzai mbele ya wachezaji, na sauti. La Kanze hakulitaja. Harrison alianza kucheka Issa alipofika kwenye sauti, akamtazama Bi Husna, akaacha.

"Kwa hiyo tumwache Chirau au tusimwache?" Harrison aliuliza kwa upole ambao Issa hakuwahi kuusikia kwake. "Mi sielewi tena."

"Aachwe," Issa alisema. "Abaki Katana. Chirau akisikia tena atasimama tena, na simlaumu. Lakini hakuna barua itakayoandikwa. Nitamwambia mimi, nikimtazama."

Bi Husna alikuwa akizungusha kalamu. "Nilikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa," alisema. "Nimewaondoa walimu, nimewaondoa wapishi, nimewaondoa walinzi. Wote kwa bahasha, kupitia kwa karani." Akaandika jina la Katana. "Nenda, Issa. Usimkawize."

Alimkuta Chirau barazani kwake, ametoka kuoga, na mkewe akiweka sahani za wali. Issa alikataa kula kwanza. Alikaa mbele yake, magoti yakigusana, akamwambia.

"Nimekuacha, Chirau. Ni uamuzi wangu. Umecheza vizuri miaka kumi na minne, na msimu ujao hutacheza."

Chirau aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Ukiniacha mimi," alisema, "nani atamsikia?"

"Sijui."

"Vijana hawamjui sauti. Atakuwa akiita na hakuna anayempisha."

"Najua."

"Basi unamwacha mara ya pili, Kocha."

Maneno hayo yalimwingia Issa. Alibaki ameketi. Hakutazama simu, wala hakusema ana friji za kutengeneza. Chirau alilia kidogo, bila aibu, kisha akanawa mikono, akasogeza sahani katikati, na wakala pamoja. Mkewe alipokuja kuondoa vyombo, Issa alimwambia Chirau kwamba Kanze amemwonyesha ile barua. Chirau aliinamisha kichwa na kukaa hivyo, na Issa aliona mabega yake mapana yakishuka, kama ya kuli aliyetuliwa gunia.

"Mpelekee salamu," Chirau alisema. "Hapana. Nitakwenda mwenyewe."

Mechi ya kwanza ya msimu mpya ilichezwa Gazi. Kolekole iliingia na mabeki wawili ambao hawajatimiza miaka ishirini. Chirau alikuja amevaa kanzu, na pamoja naye alikuja Kanze, amebeba kiti cha plastiki. Hakukaa na wanawake wengine kwenye kivuli. Aliweka kiti chake nyuma ya lango la Kolekole, juani, akaketi wima, mikono mapajani. Kipindi cha pili timu zilipobadilishana malango, alibeba kiti akazunguka uwanja mzima mpaka upande wa pili.

Dakika ya sabini krosi iliingia kutoka kulia. Issa alishika pumzi. Alimwona Chirau pembeni akiinua mkono nusu. Beki kijana akaruka, akaupiga mpira kichwa, ukaenda zake nje. Watu wakashangilia. Issa alikuwa akisikiliza kwa mwili wake wote. Alisikia filimbi, upepo, kijana wa Ukunda akiita "kipa!" Hakuna zaidi. Alikuwa amedhani kimya hicho kingemtuliza. Alijiona kama mtu anayerudi nyumbani na kukuta kitanda kilichotandikwa na hakuna mtu.

Walishinda bao moja, la Katana. Uwanja ulipokwisha kutawanyika, Issa alizunguka nyuma ya lango. Kanze alikuwa bado ameketi.

"Umesikia?" alimuuliza.

"Nimesikia watu wakipiga kelele," Kanze alisema. "Wewe je?"

"Hapana."

Kanze alitazama mchanga ule wa golini, uliochimbika kwa viatu. Kisha akasimama, akakung'uta leso, akakikunja kiti.

"Jumamosi ijayo mnacheza hapa?"

"Tunacheza Msambweni."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Nitakuja," alisema, na Chirau akampokea kiti, wakaanza kutembea kuelekea barabarani.